Ijumaa Walipochukua Hisa za Yaya

Yaya yangu, kaka yetu mkubwa, aliporudi kutoka Ubelgiji alikuta mama amekwisha kuacha biashara ya samaki. Magoti yalikuwa yamemshinda. Kwa miaka mingi mama alishuka ziwani Tchomia kununua makayabo, samaki wa chumvi, na samaki wa moshi, akapanda nao Bunia na kuwauza soko kuu. Sasa alishinda kwenye baraza ya nyumba yetu ya Mudzipela, akichambua sombe, majani ya muhogo, na kusalimia kila aliyepita barabarani. Mimi nilikuwa na kibanda cha fotokopi si mbali na nyumbani, na mchana nilirudi kula. Kama ningeambiwa nichague wakati wa kuishi tena, ningechagua ule.

Yaya alikuwa amefanya kazi kwenye benki moja ya kule. Hakuwa mkubwa, alikuwa mtu wa ofisi za nyuma, anayehakikisha hesabu za wengine. Benki iliwagawia wafanyakazi wake hisa kidogo kidogo, na ilipopunguza watu yeye akatoka nazo. Alikuja kumwangalia mama kwa miezi michache tu. Hata makoti yake ya baridi aliyaacha kwa rafiki, yamsubiri.

Kila mchana, baada ya chakula, alivuta kiti mpaka pembeni ya baraza ambapo rezo, mtandao wa simu, ilikuwa nzuri kidogo, akawasha simu, akaangalia bei ya benki yake. Mama alimvumilia siku chache, halafu akamuuliza, akimwita Papa kama alivyomwita tangu utoto:

"Papa, weye unacheza pari?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Vijana wa mtaa wetu walikuwa wanamaliza pesa zao kwenye vibanda vya pari, kubashiri matokeo ya mpira.

"Hapana, mama. Hii ni opsioni," yaya alisema. "Niko na hisa za benki. Kuko mutu mwenye anafikiri bei yazo itapanda. Ananilipa kidogo leo, nimupe ruhusa ya kuzinunua kwa bei tulisikilizana, mupaka siku fulani. Bei isipopanda, hatazitaka. Miye ninabakia na hisa zangu, na ile kidogo alinilipa ni yangu."

"Na bei ikipanda?"

"Atazichukua kwa bei ile tulisikilizana, hata kama kule inje zimefika juu namna gani."

"Na weye utaachilia?"

"Nitaachilia."

"Unamujua huyo mutu?"

"Hapana. Bourse, soko ya hisa, njo inakaa katikati yetu."

Mama alirudi kwenye sombe yake. "Miye singeuzia ruhusa mutu mwenye sijue sura yake," alisema. Yaya akacheka, na mimi pia.

Lakini miezi ilipita na mambo yakaenda vile alivyosema. Anauza ruhusa, bei inatembea kidogo, siku inafika, ruhusa inakufa, hisa zinabaki. Dawa za mama zilitoka humo, na kuku wa Jumamosi pia. Mama aliacha kuuliza juu ya pari. Wageni wakija, aliwaambia kwamba mtoto wake anauza kitu kisichoonekana na bado kiko naye, na alipenda kuwaona wakikunja uso.

Nikaanza kumwomba anifundishe. Hakunipa pesa, alinifungulia hesabu ya mazoezi, akaunti ya kujifunzia, kwenye simu yangu, yenye pesa za uongo, akanionyesha upande mwingine, ule wa mnunuzi. Nililipa pesa zangu za uongo ili nipate ruhusa ya kununua hisa za benki ileile. Siku chache baadaye nilimkimbilia.

"Yaya, bei ya benki imepanda, lakini opsioni yangu imeshuka! Kuko makosa?"

"Hakuna makosa. Imepanda kidogo sana. Weye ulinunua siku pia, si bei tu. Kila siku yenye inapita inakata sehemu yake. Ikifika mwisho na bei haijavuka pale tuliandika, haubakie na kitu."

"Sawa samaki mubichi," mama alisema kutoka kwenye kiti chake. "Asubuhi ni feza, magaribi unamupatia jirani."

Yaya alicheka mpaka akatoa miwani kufuta macho. Halafu akanigeukia, na uso wake ukawa wa mwalimu. Aliniambia nisinunue kamwe opsioni kwa pesa ya chakula, kwa sababu mnunuzi anaweza kupoteza yote aliyolipa. Na mwenye kuuza ruhusa juu ya hisa ambazo hana, huyo yuko kwenye hatari zaidi, maana bei ikiruka atalazimika kuzitafuta sokoni kwa bei yoyote. "Miye ninauza ya ile yenye iko mu mukono," alisema. "Kwa hiyo, kama wanachukua, nitasikia uchungu, lakini sitakufa."

Uchungu huo ulikuja msimu wa mvua. Riba zilipanda Ulaya, benki yake ikatangaza faida nzuri, na bei ya hisa ikaanza kukwea. Ilifika pale walipoandikiana, ikapita. Yaya akaacha kumaliza chakula chake. Njia ya kujiokoa ilikuwepo: angeweza kuinunua tena ile ruhusa aliyouza, na hisa zibaki. Lakini sasa ilikuwa ghali, ingemeza alichopata kwa miezi mingi.

Tulikuwa tunaosha sahani siku hiyo, nikamuuliza kwa nini anateseka. Hata akiachilia, bado bei waliyosikilizana ilikuwa nzuri kuliko ile ya siku alipopewa hisa.

Alisugua sufuria. "Miaka yangu yote ya kule, kitu kimebakia ni zile hisa. Nikiwa nazo, ninaweza kusema nitarudia kule. Zikienda, nitasema nini?"

Nilikuwa nimefikiri anaangalia bei tu.

Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Mvua ilinyesha asubuhi, rezo ikakatika, ikarudi mchana. Yaya aliketi pembeni ya baraza, simu mkononi, kwenye ukurasa wa kuinunua tena ile ruhusa. Nilikuwa nyuma yake, niliona kidole chake juu ya kioo, hakigusi. Mama naye alimwona.

"Papa," alisema polepole, "ulisema utaachilia."

"Nilisema, mama."

"Basi achilia, ukuje kula."

Halafu akafunga simu, akaingia ndani, akala fufu yote tuliyomwekea.

Jumatatu hisa hazikuwepo tena kwenye hesabu yake; mahali pazo palikuwa na pesa. Alinionyesha, bila huzuni wala furaha. "Hakuna mwenye aliniiba," alisema. "Ile bei niliikubali miye mwenyewe." Wiki zilizofuata bei iliendelea kupanda, nikaogopa kumtajia. Kumbe alikuwa anaiona, na siku moja akaacha kuiangalia. Alimwandikia rafiki yake kule amgawie mtu yeyote yale makoti.

Kwa sehemu ya pesa ile alimjengea mama chumba cha mbele, cha sementi laini, kisicho na ngazi hata moja, chenye bafu ndani. Fundi alipomaliza, mama aliingia bila kumshika mtu bega. Alizunguka akigusa kuta, akafungua robine ya maji, akaifunga, akaifungua tena. Jioni ile alituita tukae naye humo sisi wawili tu, mlango wazi, tukanywa chai na kusikiliza pikipiki zikipanda kilima. Alitusimulia juu ya malori ya Tchomia, namna walivyosukuma gari kwenye matope na samaki juu ya kichwa. Nilikuwa nimeisikia hadithi hiyo tangu utoto, na sikutaka iishe.

Mama alikaa kwenye chumba hicho mpaka Mungu alipomchukua. Yaya hakurudi Ubelgiji. Anafundisha hesabu za biashara kwenye taasisi moja hapa mjini, na mwaka jana alioa. Wanafunzi wake wana simu nzuri kuliko ile yake, wanamwomba awafundishe opsioni, naye anaanza na hesabu ya mazoezi, kama alivyofanya na mimi. Jumapili, baada ya misa, anakuja na mke wake. Tunatoa viti kwenye baraza, tunakula, na mara nyingine tunanyamaza sote kwa pamoja, tukisubiri swali kama yale ya mama, ambalo hakuna tena wa kuliuliza.