Vipande Saba vya Kioo

Mwenye jumba walimwita Wiki Ijayo, na wala hakuonewa. Bomba likipasuka, wiki ijayo. Kipande cha dari kilidondoka juu ya meza ya fundi saa, nusura kimpasue kichwa, naye akaambiwa wiki ijayo. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa tabasamu, viatu vinang'aa, hajawahi kumfokea mpangaji hata siku moja. Alijua kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Ukienda kwake na malalamiko unatoka umeridhika kabisa, na ukishafika kwako ndipo unapokumbuka kwamba hukupewa kitu.

Lakini hadithi hii si yake, ana bahati. Ni ya mtunza jumba lake, ambaye watu wote walimwita Funguo, kwa lile furushi la funguo lililomning'inia kiunoni. Zamani alikuwa fundi vioo. Macho yalipoanza kumsumbua akachukua kazi ya kutunza jumba, na kazi ikaja na chumba cha ghorofa ya pili, yeye na mkewe. Madirisha yalikuwa arobaini na mawili. Asubuhi anayafungua, jioni anayafunga.

Jumba lilikuwa la zamani sana, katikati ya mji, na jiji lilishalipigia kibao mlangoni: jengo la kihistoria, ni marufuku kulibomoa. Sawa. Lakini kibao hakizuii mvua. Wiki Ijayo alitaka kiwanja, ajenge ghorofa kumi na mbili za vioo vitupu. Kulibomoa haruhusiwi, je, likijiangukia lenyewe? Hapo nani atashtakiwa, mvua? Mtaa mzima ulijua anasubiri nini. Wapangaji walimtupia ile methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta, naye akacheka nao, maana ukuta mpya ndio hasa aliokuwa akiutaka.

Miaka tisa nyuma, asubuhi, mke wa Funguo alikuwa anapanda ngazi na ndoo ya maji. Ubao wa saba ulikuwa umeoza. Funguo alikuwa ameshamwambia tajiri kuhusu ubao huo mara tatu. Ukavunjika, mama wa watu akaanguka mpaka chini, na hakuamka tena.

Baada ya maziko Wiki Ijayo alikuja kukaa naye. Akashusha pumzi, akamshika bega. "Watu wa jiji wakikuuliza, mzee, sema aliteleza. Ndala mbichi, ngazi ya mbao, mambo ya kawaida haya. Na chumba chako ni chako mpaka kufa."

Funguo akasema hivyo hivyo. Aliwaambia watu wa jiji, akawaambia majirani, akamwambia na shemeji yake.

Sasa sikia ubaya wenyewe. Shemeji huyu alikuwa mdogo wa marehemu, mshona nguo, na cherehani yake ilikaa kwenye chumba cha chini cha jumba lile lile, upande wa uchochoroni. Ndala zile yeye ndiye aliyemnunulia dada yake, siku mbili kabla. Tangu hapo hakuvaa ndala tena maishani mwake. Hata bafuni aliingia na raba. Mara nyingine, katikati ya kushona, mguu unasimama juu ya kanyagio, anasema peke yake, "Si ningemnunulia kitambaa tu jamani." Funguo alimsikia mara ngapi? Hazihesabiki. Akapita na funguo zake.

Usimwite katili, ingawa mimi mwenyewe nimemwita hivyo zaidi ya mara moja. Mtu yule alikuwa amekufa ganzi. Unajua ukiukalia mguu mpaka ukawa kama wa mtu mwingine? Basi yeye alikuwa hivyo mwili mzima. Alikula bila kujua ana njaa au ameshiba. Msibani hakulia, na watu walisema walichosema. Kitu kimoja tu kilibaki kwake: katika jumba lile hakuna kilicholala kimevunjika. Kitasa, bawaba, kioo cha dirisha, alitengeneza siku hiyo hiyo kwa mikono yake, bila kumwambia mtu. Ule ubao wa ngazi aliubadilisha kesho yake baada ya kuzika.

Ndipo akaja injinia wa jiji, mwanamke kijana mwenye kofia ngumu. Ukuta wa uchochoroni, ule wa juu ya cherehani ya shemeji, ulikuwa umepata ufa wa kuingia ncha ya kisu. Injinia akachukua kipande cha kioo, urefu wa shubiri, upana wa vidole viwili, akakibandika kukatisha ufa, huku na huku kwa saruji. Akaandika tarehe juu yake kwa wino mweupe. Akaandika na kwenye daftari lake, akaondoka. Mtunza jumba hakuelezwa neno. Nani anajisumbua kumweleza mtunza jumba?

Baada ya miezi saba Funguo akapita uchochoroni, akakuta kioo kimepasuka katikati. Sasa niambie, fundi vioo anaona kioo kimepasuka, tena kioo cha serikali, atafanya nini? Akakata kipya, kipimo kile kile. Akachanganya saruji, akabandika, akanakili na tarehe ya injinia kwa mwandiko ule ule wa injinia, maana tarehe ni ya jiji, si yake kuibadilisha. Kile cha zamani akakifunga kwenye gazeti, juu yake akaandika siku aliyokitoa, kama alivyozoea zamani dukani, akakiweka kwenye kopo tupu la rangi chini ya kitanda. Fundi vioo hatupi kipande.

Kilichofuata kilidumu miezi mitano. Kikaja cha minne, cha mitatu, cha miwili, cha mwezi mmoja. Cha saba kilidumu siku tisa. Kila mara injinia alipokuja alikuta kioo kizima na tarehe yake, akaandika "hakuna badiliko," na Funguo akajisikia, kama kuna kitu alikuwa bado anakisikia, kwamba kazi yake ni safi.

Mwisho jiji likamwita Wiki Ijayo kwenye kikao. Atengeneze jumba, au jiji lilichukue litengeneze lenyewe. Wapangaji wote walikwenda, shemeji naye akiwa na futi ya kushonea bado imemning'inia shingoni. Yeye alikuwa upande wa tajiri, tena waziwazi. Wakifunga jumba, cherehani ataipeleka wapi?

Wiki Ijayo alisimama akaomba mwaka mmoja zaidi. "Mama mwenyekiti, hili jumba si gofu. Lina mtunzaji, mtu mwaminifu, hajapata kutokea. Muulizeni injinia wenu: kile kioo chao kimevunjika?"

Injinia alifungua daftari shingo upande. "Hapana, mama. Ni kizima."

"Hebu nieleweshe," akasema mwenyekiti, "hicho kioo ni cha nini?"

"Kioo hakivutiki, mama. Ukuta ukisogea hata unene wa unywele, kinapasuka. Ndiyo njia yetu ya kujua kama ukuta unahama. Huu kwa miezi ishirini na mbili haujahama. Siuelewi, lakini ndivyo ilivyo."

Funguo alikuwa ameketi safu ya nyuma. Aliyasikia maneno yale yakimwingia moja moja. Akayahesabu kichwani yale magazeti ndani ya kopo kule chini ya kitanda. Akamtazama shemeji yake, ambaye kila siku kuanzia asubuhi anaupa ukuta ule mgongo. Halafu akafikiria chumba chake, kitanda, dirisha ambalo mkewe alipenda kukaa. Angenyamaza tu. Kunyamaza alikuwa anakujua vizuri.

"Mwiteni huyo mtunzaji aseme," akasema Wiki Ijayo, na tabasamu lake.

Akaitwa. Akasimama, funguo zikalia.

"Mzee," mwenyekiti akamwuliza, "kuna chochote kilichovunjika katika jumba hilo?"

"Kipo kioo, mama. Kimevunjika mara saba."

Wiki Ijayo akacheka kidogo. "Mzee amechanganyikiwa."

"Nilikuwa natengeneza," akasema Funguo. "Sikujua kwamba kilikuwa kinasema kitu. Nilijua kimevunjika tu. Vyote ninavyo, na siku zake."

Alasiri ile ile waliongozana hadi jumbani, injinia, mwenyekiti, na wasindikizaji wasioitwa. Kopo likamiminwa kwenye meza ya kushonea. Injinia alisoma zile tarehe, miezi saba, mitano, minne, mpaka siku tisa, na rangi ikamtoka. Akatoka kwenda kukitazama kioo cha nane kule uchochoroni. Kilikuwa kimeshapasuka.

"Kila mtu nje," akasema. "Leo hii. Jua lisizame kuna mtu humu."

Wiki Ijayo alimsogelea Funguo mlangoni, safari hii bila tabasamu. "Kile chumba kisahau, mzee." Funguo akaitikia kwa kichwa. Hakusikia uchungu wowote.

Shemeji ndiye aliyewaka. "Umeturoga wewe! Umekula humu, umelala humu, halafu umetutoa wote barabarani kwa vipande vya kioo! Una moyo wewe? Msiba wa dada yangu hukutoa chozi, leo kwetu ndiyo umepata mdomo!" Alipanda ngazi kwa hasira kuchukua majora aliyoyahifadhi ghorofa ya kwanza, na raba zake zikapiga mbao pu, pu, pu.

Injinia naye alikuwa anapanda nyuma yake akiandika kila kitu, kwa ajili ya jalada la jiji. Akasimama katikati ya ngazi. "Mzee, huu ubao ni mpya. Nyingine zote zimechoka, huu peke yake ni mpya. Ulibadilishwa lini?"

Funguo alikuwa chini, mkono kwenye nguzo. Shemeji alikuwa juu, amekumbatia majora, anasubiri wampishe.

"Miaka tisa," akasema Funguo.

"Kwa sababu gani?"

Angeweza kusema uchakavu. Ni neno zuri, lingeingia kwenye daftari na hakuna ambaye angeuliza zaidi. Akafungua mdomo, akaona midomo inamtetemeka, akashangaa kama mtu anayetazama midomo ya mwingine.

"Andika, mwanangu. Ulikuwa umeoza. Nilimwambia mwenye nyumba mara tatu. Mke wangu akaukanyaga." Akainua macho kwa shemeji yake. "Hakuteleza. Zile ndala zilikuwa nzima, shemeji. Zilikuwa kavu. Nilizivua mimi mwenyewe miguuni mwake."

Injinia aliacha kuandika.

Shemeji alishuka polepole mpaka ubao wa saba, akaketi juu yake, majora mapajani. Watu waliokuwa wakibeba mizigo walisimama na mizigo yao. Mwisho akainama, akafungua kamba za raba, moja, kisha nyingine, akazivua na soksi, akakanyaga ule ubao kwa nyayo tupu.

"Miaka tisa, shemeji," akasema.

Funguo alitaka kumjibu. Kikatoka kilio tu, kile cha msibani, kikubwa na kibaya, na funguo zote kiunoni zikawa zinalia pamoja naye.