Saa Moja Iliyobaki Angani

Hakuna nyumba kijijini kwetu, huku Moldova, isiyo na ufagio wa Profira. Mtama wa kuutengenezea aliulima mwenyewe, akaukausha, akaufunga kwa waya, na ole wako umwambie umelegea. Alikuwa mjane wa miaka sitini na mmoja, mwenye mdomo mkali na sakafu safi kuliko meza za wengine. Lakini siku mtu wake akisafiri, ufagio haugusi. Hata sisi hatuugusi. Ukifagia kabla msafiri hajafika, unamfagia yeye atoke nyumbani. Marehemu mumewe alipokwenda Urusi kwa basi, Profira alikaa na vumbi siku tatu.

Alhamisi moja aliondoka Anghelina, binti yake wa pekee, kwenda Italia kutunza wazee. Alikwenda kwa ndege, na Profira ndege aliijua kwa kuitazama juu tu. Alivaa miwani akasoma karatasi ya safari: kuondoka Chișinău saa nne asubuhi, kufika Bergamo saa tano na dakika ishirini.

"Saa moja na dakika ishirini!" alimwambia jirani yake Tudosia. "Kilomita elfu moja na mia nne na ushee! Mimi sokoni tu nachukua muda zaidi."

"Wewe sokoni unagombana na kila mtu, shoga. Ndege inagombana na nani?"

Saa tano na nusu alifagia. Alikusanya makombo ya mkate wa jibini aliokula Anghelina, tope la viatu vyake, na unywele wake mmoja mrefu. Akavimwaga vyote nje ya uzio, akaketi kungoja simu.

Badala ya simu akaja Tudosia, mbio, kitambaa kimemtoka kichwani. Alikuwa ameongea na mwanawe aliyeko Italia.

"Profira, umefagia?"

"Nimefagia. Si ameshafika?"

"Hajafika! Saa ya kufika wameandika ya kwao, na wao wako nyuma yetu saa moja. Safari ni saa mbili na dakika ishirini. Mwanao bado yuko juu!"

Mungu wangu, yule mama alivyokimbia! Alipiga magoti nje ya uzio, akaokota vumbi kwa viganja, akalitia kwenye aproni. Upepo ulikuwa umeanza. Alilirudisha ndani, akalimwaga sakafuni huku analia, "Rudi, mwanangu, rudi." Makombo aliyapata. Unywele hakuuona.

Saa saba kasorobo simu ikalia.

"Mama, nimefika."

Profira alikaa palepale kwenye vumbi. "Salama, mwanangu?"

"Salama. Ila nilisinzia, nikahisi kitu kinanisukuma miguuni, polepole, kinakwaruza. Naamka, nimesimama karibu na mlango wa ndege, na mkanda sikumbuki kuufungua. Halafu mikono ikanishika, ikanirudisha kitini. Nageuka, hakuna mtu."

Profira aliyatazama makombo sakafuni, kisha uzio, kule ulikopotelea unywele.

"Na mama, usinicheke. Tangu tumetua najaribu kukumbuka, naona giza tu. Mtu akiingia kwetu, kisima kiko upande gani?"

"Kushoto, mwanangu. Kushoto!"

"Aha. Asante," alisema Anghelina kwa adabu, kama mgeni aliyeelekezwa njia.