Hadithi Aliyoikosea Bibi

Jana nilirudi kutoka kazini nimechoka, hata salamu ilikuwa mzigo. Nyumbani kwangu Msamala nikawakuta wanangu na watoto wa jirani wamejazana mbele ya runinga, hakuna aliyegeuka. Walikuwa wanatazama ile sinema ndefu ya wafalme, mapanga na mazimwi yanayoruka, iliyotafsiriwa kwa sauti ya Kiswahili. Unamjua yule mtafsiri anavyopiga kelele utadhani yeye ndiye anayechomwa moto. Mume wangu akacheka, "Mazimwi mpaka leo? Hawa watu hawana kazi." Nikavua viatu, nikakaa sakafuni na watoto. Sikuwa na nguvu za kubishana naye, ila jibu ninalo. Nililipata utotoni Bombambili, nikipukuchua mahindi.

Enzi hizo kila nyumba ilipukuchua kwa mikono. Baridi ya Juni ilipokaza, bibi mzaa baba alitukusanya jikoni baada ya ugali na dagaa wa Nyasa, akamwaga mahindi katikati, na hadithi ikaanza. Sharti lake lilikuwa moja: mikono ikisimama, naye ananyamaza. Basi tulipukuchua hadi vidole gumba vikavimba, moshi wa magunzi ukitutoa machozi, tukimfuata kijana aliyetoka kwao na wenzake kwenda kuurudisha moto ulioibwa na dubwana la milimani. Hadithi ilikuwa ndefu kama msimu wenyewe, na kila mwaka ilikuwa ile ile. Tulilala nayo, tukaamka nayo.

Mwaka mmoja baba alikwenda machimboni, upande wa Tunduru. Shimo likaporomoka, wenzake wakabaki chini, yeye akatolewa. Alirudi mzima wa mwili, ila maneno hakurudi nayo. Nikimwambia shikamoo ananijibu marahaba, basi, imekwisha hiyo mpaka kesho. Mama alimpikia kila alichokipenda. Majirani walikuja kumpa pole wakaishia kuzungumza wao kwa wao. Nilimwogopa baba yangu, na nilimkosa huku namwona ameketi pale pale. Siku moja nilimsikia mama akimwambia jirani kwamba mume wake bado hajarudi.

Jioni moja baba alikaa mlangoni pa jiko, ametupa mgongo. Bibi akasimulia hadi kijana alipoufikia mto Ruvuma, akasema alivukia huko chini, kwenye maji mapana. Tukatazamana. Sote tulijua hakuvukia huko. Dada yangu alipofungua mdomo, bibi akamfinya paja. Kisha akarudia kwa sauti kubwa zaidi, akimvusha yule kijana mahali pabaya bila haya.

"Mama, hapana," baba akasema, bado hajageuka. "Huko angezama. Alivukia juu, Matogoro, mto ukiwa bado mdogo."

"Uzee huu, baba, nimesahau," bibi akasema. "Halafu ikawaje?"

Baba akageuka. Akavuta gunia tupu akalikalia, akachukua hindi, akaendelea kutoka pale. Sauti yake ilikwaruza. Alipofika pale dubwana lilipowameza wenzake yule kijana, mikono yake ikasimama, na bibi hakumhimiza. Kisha akaendelea, akamtoa kijana mlimani, akamrudisha kwao na moto wake. Mama alikuwa amesimama na sufuria ya togwa mkononi, analia waziwazi.

Ndiyo maana mazimwi hayaishi, nafikiri. Baba hakuweza kusema habari za lile shimo, lakini za dubwana aliziweza, kwa sababu alipewa njia nzima tangu akiwa mtoto, ya kwenda na ya kurudi. Kila kizazi kinaitaka njia hiyo. Wanangu wanaipata kwa kelele za mtafsiri, na siwalaumu.

Siku hizi mashine ya kupukuchua inamaliza gunia kabla hujasalimiana vizuri na mwenye mashine. Bibi hayupo, na baba hayupo. Hadithi imenibakia vipandevipande. Kivuko nakikumbuka, jina la kijana limenitoka, na hakuna wa kumwuliza. Nami ninazo jioni ninazorudi nikakaa, nisiseme neno hadi watu wanalala. Wanangu wanadhani mama amechoka tu. Hakuna hata mmoja wao anayeijua hadithi yangu kiasi cha kuweza kuikosea.