Mvua ya Kwanza Chini ya Mabati

Harufu ya mvua ikigonga bati lenye joto hunirudisha kwenye darasa letu, kando ya mashamba ya mpunga. Shule ilipokuwa ya nyasi, wingu likitanda tu tulirudishwa nyumbani. Ndipo mama zetu wakabeba mabati kichwani kutoka ufukwe wa Lyulilo, yalikoshushwa na mitumbwi.

Mvua ya kwanza ilipoanguka, sote tulitazama juu tukisubiri tone. Halikudondoka hata moja! Mwalimu alifungua kinywa, hatukusikia neno kwa kelele za mvua juu ya bati. Tukapanda madawati tukishangilia. Mara mama yangu akatokea mlangoni, amelowa chapachapa, jembe begani.

"Mmelowa?" akapaza sauti.

"Hapana, mama!" tukajibu darasa zima.

"Basi someni!"

Akacheka, akarudi shambani kwenye mvua ile ile.