Dirisha Jipya la Mwalimu Damiani

Mwalimu Damiani alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ulikuwa Kiswahili sanifu. Ukimwambia leo niko bize, anakujibu hakuna neno hilo. Ukimwambia umemisi basi, anakuuliza kama basi nalo limekumisi wewe. Alifundisha sekondari hapa Ifakara mpaka chaki ikamkausha vidole, na alipostaafu akapewa ukatibu wa mradi mdogo wa mbegu za mpunga, ofisi ya vyumba viwili pale Lipangalala. Hata huko hakupona. Mkulima akija kulilia spea ya trekta, kwanza anafundishwa kusema kipuri, halafu ndiyo anaambiwa kwamba mradi hauna trekta.

Mwaka 1999 makao makuu ya mradi, Dar es Salaam, yakaleta kompyuta Ifakara. Ilikuwa imeshatumika sana huko ilikotoka, na ikiwashwa inaunguruma kama mashine ya kukoboa, lakini ukiiunga na waya wa simu na ukiwa na subira ya kutosha, inakuonyesha ukurasa wa mradi uliowekwa Dar. Aliyeutengeneza ukurasa huo ni Sylvester, kijana ambaye Mwalimu mwenyewe alimfundisha. Na ndani yake Sylvester alikuwa ameweka makala ya Mwalimu, Majina ya Mpunga wa Bonde Letu: Supa, Shingo ya Mwali, Lingwelingwele na wenzao wote, na kila jina limeelezwa asili yake. Juu kabisa ilikaa picha ya mwandishi, amevaa tai.

Makala hiyo ilikuwa na mtu wake. Mtu mwenyewe ni Bibi Katarina, mama yake Mwalimu, mkulima wa Mofu, mwanamke mwenye ulimi wa wembe. Kwa miaka mingi amekuwa akimuuliza mwanawe swali lile lile. "Mtoto wa Gaudensi yuko kwenye miwa Kidatu, sukari tunaikoroga. Wa Fulgence kajenga kisima, maji tunakunywa. Wewe, baba, kazi yako iko wapi na mimi niione?" Swali hilo lilimuuma Mwalimu kuliko alivyokubali kusema. Basi akamwahidi: ukija kliniki mwezi wa tano, pitia ofisini, utaona kazi yangu kwa macho yako.

Siku mbili kabla ya mama kufika, akataka kuhakikisha. Agnetha, mpiga chapa wa ofisi, akawasha mashine, akaiunga na simu, wakangoja. Makala haikutokea. Wala picha ya tai. Kioo chote kilikuwa cha kijivu, na katikati yake yamekaa maneno haya: Dirisha lako limepitwa na wakati. Weka dirisha jipya, kisha urudi.

Mwalimu akasoma mara mbili. Halafu akageuka polepole akalitazama dirisha la ofisi.

Na kweli, lilikuwa dirisha la aibu! Mbao zimeliwa na mchwa, bawaba moja imefungwa kwa waya, na tangu Pasaka Agnetha alikuwa akilalamika kwamba vumbi lote la Lipangalala linaingilia pale na kutua kwenye mashine.

"Agnetha," Mwalimu akauliza kwa sauti ya chini, "imeliona?"

"Imeliona, Mwalimu," Agnetha akajibu, akasogea pembeni asiikinge.

Wakachomoa waya kwenye kompyuta, wakaurudisha kwenye simu, Mwalimu akapiga Dar.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Sylvester, nakupigia kuhusu dirisha."

"Ee, nilijua utapiga tu. La kwenu la zamani mno, Mwalimu. Ukurasa nimeutengeneza upya kwa viwango vya sasa, vya dunia nzima. Dirisha la zamani haliuwezi."

Hapo ndipo mtu yeyote mwenye akili timamu angeuliza: dirisha na ukurasa vinahusiana nini? Lakini mwalimu amuulize mwanafunzi? Thubutu! Akasema, "Naelewa." Neno hilo limewaponza wengi.

"Huwezi kutuachia ule wa zamani," akajaribu, "angalau mpaka tutakapojiweza?"

"Mwalimu! Si wewe uliyetufundisha kwamba ukimdekeza anayekosea hatajifunza kamwe? Mimi ulinipa sifuri kwa neno moja tu la Kiingereza. Na hili neno dirisha nimeliweka kwa heshima yako. Wenzangu hapa wote wanatumia la Kizungu."

Mwalimu alikaribia kutoa machozi. Ama kweli kazi ya ualimu haipotei.

"Usihangaike," Sylvester akamalizia. "Nakutumia jipya kwa basi la kesho."

Kesho yake asubuhi Mwalimu akamwita fundi Marcelino kung'oa dirisha la zamani, ili jipya likifika likute nafasi yake. Likang'olewa, likabaki tundu ambalo mbuzi angeweza kupita bila kuinama. Mchana akaenda stendi na mkokoteni na wabebaji wawili. Basi likaingia, likashusha kuku, magodoro na baiskeli; dirisha halikushuka. Kondakta akampa bahasha ya kaki.

Ndani yake mlikuwa na kisahani kinachong'aa, chembamba, kina tundu katikati, na juu yake Sylvester kaandika kwa kalamu ya wino mzito: DIRISHA JIPYA – IFAKARA.

Mwalimu akakigeuzageuza juani, kikatoa rangi zote za upinde wa mvua. Akaelewa mara moja.

"Sampuli," akawaambia wabebaji. "Wametuma kwanza mfano wa kioo tuukague. Na hili ni tundu la msumari. Watu wa Dar wana adabu siku hizi."

Mkokoteni ukarudi mtupu. Akataka kupiga simu kusema kioo kimempendeza, kumbe mvua ya usiku ilikuwa imeangusha nguzo huko njiani, simu imekufa. Wakatundika turubai kwenye tundu, wakasubiri dirisha.

Aliyefika ni mama. Bibi Katarina akaketi, akalitazama turubai, akaitazama mashine iliyozimwa, akamtazama mwanawe.

"Haya, kazi iko wapi?"

"Mama, kuna kikwazo kidogo cha dirisha."

"Nimeacha kulinda ndege shambani nije nione turubai?"

"Kuamia ndege, mama, yaani kuwafukuza. Kulinda ni kuulinda mpunga."

Mtoto uliyemzaa mwenyewe utamfanya nini? Macho ya Bibi yalikuwa yameshatua mezani, kwenye kisahani. Akakichukua, akaiona sura yake ndani, akacheka kama msichana. "Hiki nakwenda nacho," akasema. Mwalimu hakumkatalia. Sampuli ilishakaguliwa, na moyo wake ulikuwa mzito kiasi kwamba mama angeomba hata meza angepewa.

Wiki tatu baadaye, simu bado imekufa, Sylvester akaja mwenyewe kutoka Dar kuona mambo yanakwendaje. Alipofika mlangoni akasimama kama aliyesahau alichokifuata.

"Mwalimu, ukuta umepatwa na nini?"

"Tunalingoja dirisha lako."

"Dirisha nilishatuma. Lilikuwa kwenye bahasha."

"Kwenye bahasha kulikuwa na sampuli."

Agnetha akaanza kupanga karatasi zilizokwisha kupangwa. Sylvester akakaa, akafuta jasho, akaeleza taratibu kwamba dirisha ni programu ya kutazamia kurasa, kwamba ilikuwa ndani ya kile kisahani, kwamba Wazungu wanaiita brauza.

"Sasa kwa nini hukusema brauza?" Mwalimu akafoka.

Mara akaikumbuka sifuri ile, akajisikia vibaya mno. Ukuta alikuwa ameuvunja kwa ulimi wake mwenyewe.

Akaamua jambo moja. Kisahani kifuatwe Mofu, na mama aje nacho, aione kazi akiwa bado na macho. Wakapata lori lililokuwa likifuata mpunga; likawashusha kabla ya kijiji, matope yamekataa, wakamalizia kwa miguu huku viatu wameshika mkononi.

Wakamkuta Bibi Katarina amekaa kivulini, ananyoosha miguu. Mwezi wa sita, mpunga umeiva, mwanamke wa Mofu amekaa! Mbele yake shamba lilikuwa limeinamisha vichwa kwa uzito, na katikati ya shamba kuna mti, kwenye mti kuna kamba, na kwenye kamba dirisha jipya la Ifakara linazunguka na upepo. Kundi la kweleakwelea likaja, likapigwa na mwanga machoni, likakata kona na kwenda kutua kwa jirani, Mama Domitila, ambaye alisikika akitukana.

"Mama," Mwalimu akasema, "tumekuja kukichukua, kwa siku moja tu. Nataka uione kazi yangu."

"Ipi tena?" Bibi akashangaa. "Si ile pale? Mwaka huu sijapiga kelele hata moja shambani. Gaudensi mwenyewe alikuja kuiangalia, nikamwambia sukari yenu inaisha, hii haiishi."

Sylvester akatazama kisahani, akatazama uso wa mwalimu wake, akakohoa. "Mwalimu, nadhani nitaurudisha tu ule ukurasa wa zamani."

Mwalimu Damiani alikuwa akikitazama kisahani kikizunguka.

"Watu wananiuliza jina lake, nabaki kimya," mama akasema. "Wewe ndiye mjuzi wa maneno. Kinaitwaje?"

Mwalimu akafungua kinywa, akafunga, akafungua tena.

"Brauza, mama."

Bibi Katarina akainuka, akaweka mikono kinywani, akapaza sauti kuelekea kwa jirani.

"Mama Domitila! Kinaitwa brauza! Kakitengeneza Damiani wangu!"

Maneno hayo yalikuwa na makosa mawili. Mwalimu aliyahesabu yote mawili, akaketi kando ya mama yake, wala hakumsahihisha.