Kuni Nilizoziosha

Enzi zetu, na naomba mnivumilie, maana nina miaka ishirini na tisa tu na wazee wa Bunia watacheka kumsikia mtu wa umri wangu akisema hivyo. Lakini ninyi mliocheza nzango nami kule mtaani Mudzipela, tukirushiana miguu na kupiga makofi mpaka vumbi likatua kwenye sombe ya jirani, mboga yake ya majani ya muhogo, mnajua kwamba na sisi tulikuwa na enzi. Mvua ikikata barabara ya kutoka Ariwara, petroli iliuzwa kwa chupa, na muuzaji alikumiminia kwa uangalifu kama anakupa dawa ya kikohozi. Magari yalilala, nasi tukachukua barabara yote kuwa uwanja wetu. Watoto wa leo simu ikibaki na chaji kidogo wanalia kama wamefiwa. Sisi tuliona mji mzima umeishiwa chaji, na tukafurahi.

Ni katika majira hayo ndipo baba alipoamua kwamba atakuwa na pikapu inayokula kuni.

Wazo hilo hakulitoa hewani. Babu alikuwa dereva wa lori kwenye shamba la kahawa, na alisimulia kwamba petroli ilipokosekana, wazungu waliyafunga malori pipa mgongoni, wakachoma kuni ndani, na moshi ule ukaendesha injini. Wajukuu wote tulidhani ni hadithi. Baba peke yake ndiye aliyeiamini, tena kwa kuchelewa, akiwa na miaka arobaini na watoto wanne.

Nilikuwa na miaka kumi siku tuliyokwenda kuchagua. Nyuma ya nyumba ya mfanyabiashara mmoja zilisimama pikapu tatu. Ya kwanza, nyeupe, iling'aa kama meno ya mchumba, lakini ilikuwa ya dizeli. Ya pili ilikuwa na nyaya nyingi kuliko injini. Ya tatu mlango wake ulifungwa kwa kamba na ndani kuku alikuwa ameatamia. Baba alifungua boneti ya hiyo ya tatu, akatabasamu.

"Hii iko na kabureta, iko na buji," aliniambia, akigusa plagi. "Gazi ya kuni inataka cheche ya buji. Ile gari mweupe iko muzuri ya kuangalia tu."

Asubuhi moja tu, na akawa amechagua. Alitoa ng'ombe wake wawili na, hapa ndipo penye uzito, cherehani ya mama, ile ya kukanyaga kwa mguu, ambayo ilitushonea sare za shule sisi na nusu ya mtaa. Mama alikubali kwa sharti moja. Pikapu imletee kabichi na viazi kutoka Djugu, aache kushona, aanze biashara. "Lakini ikikufa njiani safari ya kwanza," alimwambia baba mbele yetu, "utaiuza hata kwa vipande. Na mimi sitasikia tena mambo ya moshi mu nyumba hii." Baba aliapa.

Alijenga mtambo wake kwa wiki tatu. Pipa kubwa la kuni juu, chini yake koo la chuma ambamo moto unabanwa ili moshi uungue na kugeuka gesi safi, kisha pipa la pili lililojaa nyasi kavu za kuchuja masizi, kisha bomba refu hadi kwenye kabureta. Kipimo cha koo alikifikiria siku nne. Kuni zilikuwa za mkaratusi, zimekatwa saizi ya ngumi, na zilikauka juu ya jiko la mama hadi zikawa nyeusi kwa masizi. Jioni aliyowasha kwa mara ya kwanza, alizungusha feni kwa mkono, akaweka kiberiti mdomoni mwa kibomba kidogo, na mwali ukasimama pale, wa buluu, mtulivu. Harufu ilikuwa ya samaki wa kukausha. Injini ilipowaka, mtaa mzima ulipiga kelele. Mama hakupiga kelele, ila alijifunga kitenge upya, na kwa mama hiyo ilikuwa nderemo.

Sasa nifike kwangu.

Mimi nilikuwa mtoto wa aina ile inayofuta mstari mara tatu hadi daftari linatoboka. Safari ilipangwa Jumatatu. Jumamosi ilikuwa salongo, na mnakumbuka salongo ya enzi hizo: kila nyumba inafagia, inafyeka, inazibua mfereji. Mama alikuwa na neno lake la siku hiyo, "Kitu ya kwenda mbele ya watu inaoshwa kwanza." Tuliosha viatu. Tuliosha pikapu hadi magurudumu. Halafu nikaviona vile viroba viwili vya kuni za akiba, vyeusi, vya aibu, vitakavyopanda nyuma ya gari la baba mbele ya Djugu nzima.

Nikaziosha. Moja moja, kwa brashi. Nilizianika juu ya bati saa moja hivi, jua likaingia mawinguni, nikazirudisha kwenye viroba na kulala usingizi wa mtu aliyetimiza wajibu.

Kwenda tulikwenda vizuri, maana pipa lilikuwa limejazwa kuni kavu za jikoni. Mama alikaa mbele kama mke wa gavana. Djugu tulipakia kabichi na viazi, baba akamimina viroba vyangu ndani ya pipa, tukageuza. Kwenye mlima wa kwanza injini ilikohoa. Moshi mweupe, mzito, ulitoka kila mahali pasipotakiwa. Kisha kimya.

Mwenye pikipiki mmoja alipunguza mwendo kando yetu. "Muzee, unapika nini humo? Maharagwe haijaiva bado?"

"Pita, mutoto," baba alisema bila kuinua kichwa.

"Napita! Siye ya petroli tunapitaka!"

Baba alipofungua injini alikuta lami nyeusi, valvu zimenata kama zimepakwa ulimbo. Akamwambia mama polepole, "Koo. Nililipanua mingi. Nilikosea kipimo." Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, mikono kama bado inanuka sabuni ya Jumamosi. Nilinyamaza.

Pikapu iliuzwa vipande vipande kama alivyoapa. Mama alishona sare kwa mkono miaka miwili, vidole vikiwa na matundu, na baba hakugusa tena chuma.

Mimi ndiye niliyegusa. Hakuna aliyenifundisha. Nilisoma chochote nilichokipata, nikachomelea, nikaharibu, nikachomelea tena. Leo nina mtambo wangu uani. Baba alichagua pikapu asubuhi moja. Mimi nimezikagua pikapu kwa miaka miwili, na ile niliyoipata hatimaye sijaiwasha hata mara moja, kwa sababu kila wiki ninagundua kitu kimoja kisichonyooka sawasawa.

Mwezi uliopita baba alikuja kuuona mtambo. Aliinama, akapima koo kwa vidole vyake, akakunja uso. "Hii ni kipimo yangu."

"Ndiyo, baba."

"Kata. Weka ingine. Hii ilituaibisha."

Nilikuwa na nafasi ya kusema sawa, nikate chuma kizuri, na siri iendelee kulala. Mama alikuwa mlangoni anachambua maharagwe. Nikasema yote: salongo, brashi, bati, jua lililojificha, kuni zilizorudi virobani na maji yake, maji yaliyopoza moto hadi moshi ukageuka lami.

"Uliziosha na sabuni," baba aliuliza, "ao na mayi tupu?"

"Na sabuni."

Alikaa chini juu ya tofali. "Basi koo ilikuwa sawa," alisema, na akarudia, akimwangalia mama. "Mama Rashi, koo ilikuwa sawa!"

Mama hakuacha kuchambua. "Miaka kumi na tisa nimesamehe mutu mwenye hana kosa," alisema. "Sasa nani atanirudishia ule musamaha? Weye?" Akanielekezea kidole chenye makovu ya sindano.

Watoto wa leo wangerekodi kila kitu. Kabla moshi haujatawanyika pale mlimani, Bunia nzima ingejua ni nani aliyeziosha kuni, ingecheka wiki moja, ingesahau. Sisi enzi zetu tulikuwa na adabu. Tulinyamaza mbele ya wakubwa, na mkubwa akazeeka akiamini mikono yake haijui kupima.