Mshipa Uliobaki Wazi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nimelala kwenye kitanda cha hospitali kubwa kule Dar es Salaam, tangu jana yake sijala wala kunywa, nasubiri kusukumwa kwenda chumba cha upasuaji. Akaja daktari mwenyewe, mama mfupi mwenye sauti ya chini. Akasema, "Zaina, leo hatukupasui. Kuna jambo kwenye picha sijaridhika nalo."

Wakati huo nilikuwa fundi cherehani, binti mdogo tu, nimepanga chumba Masuguru, Korogwe. Macho yalianza kunisumbua taratibu. Mbele naona vizuri, lakini pembeni giza, kama mtu amenizibia kwa viganja pande zote mbili. Nikishona, ukingo wa kitambaa unanipotea. Sokoni nawapiga watu vikumbo, wanadhani nina dharau. Vipimo vikaonyesha uvimbe chini ya ubongo, unabana neva za macho. Madaktari wakapanga kuufuata kwa kupitia puani, bila kufungua fuvu. Nilifurahi. Nani asingefurahi?

Sasa naambiwa leo hapana. Nikalia kwa hasira. "Giza linazidi kila siku, daktari. Mnasubiri nipofuke?"

Baba yangu, Mzee Mhina, mkulima wa mahindi huko Handeni, alikuwa ameketi kando. Alinikemea kwanza kwa Kizigua, kisha kwa Kiswahili ili daktari naye asikie. "Nyamaza, Zaina. Huyu amekuja mwenyewe kukwambia hajaridhika. Angeweza kukaa kimya akakupasua. Mwache aangalie."

Daktari akatueleza kwamba kwenye picha, karibu na uvimbe, kuna kialama kidogo ambacho hakukielewa. Alitaka kipimo kingine, cha kuchomwa dawa mkononi ili mishipa ya damu ionekane yote.

Nikapimwa. Dawa ile ikipita mwilini unasikia joto kutoka kooni mpaka chini, unaweza kudhani umejikojolea. Siku ukipimwa usishtuke, hupita haraka.

Daktari akarudi na picha, akamsogelea baba. "Mzee, uone mshipa huu. Mtoto akiwa tumboni huwa nao, kisha hujifunga kabla hajazaliwa. Wa Zaina haukujifunga. Umekatiza palepale tulipotaka kupita."

"Ni ugonjwa?" baba akauliza.

"Hapana, mzee. Ni maumbile yake tu. Angezeeka nao asijue. Lakini kama tungeukata bila kujua upo, angevuja damu tusiweze kuizuia." Baba akanishika mkono, na baba yangu hakuwa mtu wa kushikana mikono na watoto wake.

Wakabadili njia. Nikanyolewa nywele, wakafungua fuvu upande wa kulia, uvimbe wakautoa, na ule mshipa wakauacha ulivyo. Nilipozinduka na kufumbua macho, nilimwona baba kushoto na dirisha kulia, vyote kwa pamoja, bila kugeuza shingo. Nikamwambia, "Baba, hiyo kanzu haijapigwa pasi." Alicheka huku machozi yanamtoka, mpaka nesi akaja kututuliza.

Tangu hapo nimeshona magauni ya harusi mengi tu, nimeolewa, nimezaa, sasa nina wajukuu. Kona ya jicho la kushoto ina ukungu mpaka leo, nami nimeridhika nayo.

Basi nakuusia, mwanangu. Madaktari wakisema wanataka kuangalia tena, waulize wanatafuta nini, kisha uwape nafasi. Kuuliza si utovu wa adabu. Kabla hujapasuliwa, uliza kama wameiona mishipa yako ya damu ilivyokaa, maana kwa nje tunafanana, ndani kila mtu kaumbwa kivyake. Na ikiwa wewe ndiye utakayekuja kushika kisu, au kuendesha basi la watu, au kuamua jambo la mwenzako, ukiingiwa na shaka iseme mapema, hata kama wote wamekwisha kujiandaa. Watakununia kidogo. Wanune tu, wakiwa hai.

Mungu akujalie afya, mwanangu. Akuweke mikononi mwa watu waangalifu, na siku ukiumwa usikose mtu wa kuketi kando ya kitanda chako. Amina.